Njia za Baiskeli Kerugoya: Kwanza Wapite Wenyewe

Wasomaji wangu wa pwani watanicheka. Watasema: mzee huyu tuliyemzoea kwa habari za mashairi na arusi za Kibokoni, leo amepanda mlima kutafuta nini, tena kwa baiskeli? Nawapa haki yao ya kucheka. Kwetu sisi baiskeli ni chombo cha tambarare. Ni ya muuza samaki aliyefunga kapu nyuma, ni ya muuza mikate wa alfajiri, ni ya kijana aendaye chuoni, juzuu kwapani na mkono mmoja usukanini. Mwinuko mkali tuujuao Mombasa ni ule wa kutokea kivukoni Likoni, na hapo kila mwenye baiskeli hushuka akakokota, wala haoni haya.

Hata hivyo jambo hili latuhusu. Katika nchi nyingi za milima, huko Ulaya, Marekani na Kanada, vijiji ambavyo zamani havikujulikana ila na wachungaji wake vimepata riziki kwa njia za baiskeli. Wageni huja, hupanda, huteremka, hula, hulala, hulipa. Tangu kuja kwa baiskeli za umeme hata mzee wa miaka sabini mwenye magoti mabovu hupanda mlima akitabasamu. Hapa Kenya, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, kule Nanyuki na Timau, waendesha baiskeli wameshazoeleka. Yako mashindano yaitwayo 10 to 4 ambayo yamefanywa kwa miaka mingi kuichangia Mount Kenya Trust, shirika la kuuhifadhi mlima. Upande wa kusini, wa Kerugoya, pako kimya kuliko huko. Kimya hicho sidhani kitadumu. Basi nataka kusema yangu sasa, kabla vibao havijachomekwa na rangi haijapakwa.

Nisemalo ni hili. Njia za Kerugoya ziko tayari. Zimekanyagwa miaka na miaka na wachuma chai, wakulima wa kahawa na watoto wa skuli. Zikitiwa alama na wageni wakaitwa, basi baiskeli ya kwanza yenye betri kupita humo na ibebe kahawa. Ya mgeni ifuate nyuma.

Kerugoya ni mji wa kaunti ya Kirinyaga, umekaa juu ya mgongo wa ardhi, mita 1,500 na ushei kutoka usawa wa bahari. Ukitoka Nairobi wapitia Makutano, waingia Wang'uru penye mashamba ya mpunga ya Mwea, kisha Kutus, ndipo gari linapoanza kuguna. Wang'uru twaijua sote, hata tusiofika, kwani pishori ya pilau zetu na biriani zetu hutoka huko. (Wachache wajua kwamba mifereji ya kwanza ya Mwea ilichimbwa kwa mikono ya mahabusu wa siku za hali ya hatari, katika miaka ya 1950. Mchele mzuri una historia ngumu.) Juu ya mpunga iko kahawa. Juu ya kahawa iko chai. Juu ya chai ni msitu, kisha mianzi, kisha mawe na barafu, mpaka Batian, kilele cha mita 5,199, ambacho alfajiri huonekana cheupe kama sahani ya fedha, na kabla ya adhuhuri kimejifunika mawingu kama mwari.

Ardhi hiyo ni nzuri kwa mazao na ni tabu kwa miguu. Mito huteremka kutoka mlimani sambamba, Thiba, Nyamindi, Rupingazi na vijito vyao, na kati ya mto na mto iko migongo ya ardhi mithili ya vidole vya mkono uliokunjuliwa. Barabara kubwa hufuata vidole. Mtu akitaka kwenda ng'ambo, kwa jirani amuonaye kwa macho yake anapika, hana budi ateremke mpaka mtoni, avuke juu ya magogo, kisha apande tena. Ukipima kwa kamba iliyonyooka ni pua na mdomo. Kwa mguu ni jasho la nusu saa, na kwa gari pengine ni kuzunguka mpaka mjini na kurudi.

Mito hiyo ndiyo imlishayo Tana. Thiba huingia Tana kwenye bwawa la Kamburu, na Tana huja kumwagika baharini kwetu Kipini. Kwa hivyo mvuvi wa Kipini alalamikaye kuwa maji yamekuwa mekundu kama chai ya maziwa, kwa sehemu analalamikia udongo wa vichochoro vya Kirinyaga. Hapo mmeshaona mlima unavyotufikia nyumbani.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Baiskeli ya milimani haina umri mkubwa. Vijana wa Marin, katika jimbo la California, ndio walioianza miaka ya 1970. Walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi manene wakateremka nazo mlima Tamalpais mbio za wazimu. Breki zao za nyuma zilipata moto hadi grisi ya ndani ikatoka moshi, ikawa kila wakifika chini hulazimika kuzifungua na kutia grisi mpya, na njia moja ya huko mpaka leo huitwa kwa jina la kazi hiyo. Mmoja wa mafundi wa fremu wa kundi lile aliitwa Tom Ritchey; jina hilo mlishike, nitalirudia.

Baiskeli ya umeme ni hiyo hiyo, ila imeongezwa betri na mota ndogo. Zile zifuatazo sheria za Ulaya hazimbebi mvivu. Usipokanyaga, haziendi. Ukikanyaga, mota ya wati 250 yakusaidia mpaka mwendo wa kilomita 25 kwa saa, kisha yakuacha na miguu yako. Betri ya wastani hujaa kwa nusu uniti ya umeme au zaidi kidogo, gharama isiyozidi vikombe viwili vya kahawa ya barazani. Na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa watoka kwenye mvuke wa Olkaria, upepo, na maji ya mabwawa ya Tana. Tafakari msomaji: maji ya Thiba yateremka mlimani, yageuka umeme Kamburu, yarudi kwa waya kumpandisha mtu mlima ule ule. Kwa chombo kama hicho sina ugomvi. Ugomvi wangu ni juu ya nani atakayekipanda kwanza.

Sisi watu wa dele na vikombe twajigamba kuwa twaijua kahawa. Twaijua iliyokwisha kuchomwa na kutiwa tangawizi. Kahawa ya Kirinyaga, ambayo wanunuzi wa Ulaya na Marekani huigombania, huanza kama tunda jekundu, tamu kidogo ukilinyonya, na tunda hilo lina haraka kuliko samaki. Likichumwa asubuhi, sharti jioni ile ile liwe limefika kiwandani, yaani pale penye mashine ya kumenya kando ya mto, kwenye vyama vya ushirika kama Baragwi, Rung'eto na Mutira. Likilala guniani huanza kuchacha, ladha yaharibika, daraja lashuka, na malipo yashuka nayo. Mkulima hawezi kusema atapeleka kesho.

Viwanda hivyo vimejengwa mabondeni kwa sababu ya maji. Mashamba mengi yako juu. Mzigo huteremka kwa kichwa, kwa mgongo, kwa mkokoteni wa punda, siku hizi kwa bodaboda ambayo dereva wake hudai chake mvua inyeshe isinyeshe. Nilimkuta mkulima mmoja amesimama njiani kando ya baiskeli ile nzito nyeusi tuijuayo sote kwa jina la blackmamba, gunia limelala juu ya fremu.

"Mzee wangu," nikamuuliza baada ya salamu, "kiwanda ki mbali?"

"Si mbali, mzee wa Mombasa. Ni pale. Lakini katikati kuna mto."

Nikamwambia baiskeli yamsaidia basi.

"Hunisaidia kuteremka," akasema. "Kupanda, mimi ndiye ninayeibeba."

Hayo ndiyo maneno ambayo wapangaji wa njia za baiskeli wangeyaandika ukutani mwa ofisi zao.

Wala jambo la baiskeli kubeba kahawa milimani si ndoto yangu ya kishairi. Lilifanywa Rwanda. Mwaka 2005 yule Tom Ritchey wa California alikwenda huko, akaona wakulima wa kahawa wakisukuma magunia juu ya baiskeli za mbao. Akarudi kwao akachora baiskeli ya chuma yenye mkia mrefu nyuma, ya kuchukua magunia ya matunda, yenye gia za mlima na breki za kuaminika. Wakulima wakapewa kwa mkopo, wakilipa kidogo kidogo, na tunda likawa lafika kiwandani mapema. Hapo fundi wa michezo ya matajiri aliitia elimu yake katika kazi ya mkulima. Rwanda hiyo hiyo baadaye ikatoa mwendesha baiskeli ya milimani, Adrien Niyonshuti, katika Olimpiki ya London mwaka 2012, na mwaka 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani. Wana pia njia ya Congo-Nile, kilomita 227 kandokando ya ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, ambako mgeni hupita katikati ya mashamba ya kahawa na chai. Tazameni mpangilio wa mambo: kahawa, mbio na watalii vyote vilipata nafasi katika nchi moja ndogo, na wa kahawa hakuambiwa angoje.

Na hata kabla ya Ritchey, ndugu zetu wa Goma, Kongo ya mashariki, wana chukudu. Msomaji asiyeijua na afikirie baiskeli isiyo na kanyagio wala mnyororo, mbao tupu, magurudumu mawili ya mbao yaliyofungwa mpira wa tairi, imesheheni viazi, makaa au saruji, na kijana juu yake anateremka kutoka vilima vya Kivu ya Kaskazini kwa kasi ya kutisha. Goma wameijengea sanamu katikati ya mji. Ni sanamu ya chombo cha mchukuzi, na naiheshimu kuliko nyingi za wakubwa.

Nimesema Nanyuki wako mbele. Tanzania nao wametenga njia ya Kilema, Kilimanjaro, kwa ajili ya wapandao kwa baiskeli. Kerugoya haikosi cha kuonyesha. Mtu aweza kutoka mjini akashika njia ya Kabare na Kianyaga, akapanda Kimunye penye kiwanda cha chai, akafika Castle ukingoni mwa msitu, palipo na nyumba ya wageni ya zamani na maji baridi yanayotoka juu. Kisha akaufuata ukanda wa chai ya Nyayo, ile iliyopandwa tangu 1986 kuwa kizuizi kati ya mashamba na msitu, akarudi kwa upande wa Kangaita na kuteremka mpaka Kerugoya. Atakuwa amepita kahawa, chai na msitu kwa siku moja, na kama ana betri hatakuwa maiti jioni. Mimi mwenyewe ningejaribu, inshallah, lau wangenipa tandiko pana zaidi ya yale yao yaliyo kama kisu.

Lakini njia hiyo niliyoitaja kwa kalamu moja, ni ya nani? Hapa ndipo mtu wa pwani ana la kusema, kwa kuwa ameshachomwa.

Hotel zilipoanza kupandwa ufuoni mwetu, hasa kuanzia miaka ya 1970, tuliambiwa kwamba neema imefika. Na kweli, kazi zilipatikana, sikatai; wengi wa rika langu wamesomeshwa kwa mshahara wa jikoni na bustanini. Lakini palikuwa na vichochoro vya kwendea baharini. Havikuwa na jina wala hati. Mvuvi alitoka mlangoni na kapu lake akafika mashuani. Akina mama walipita kwenda kufukia makumbi. Siku moja ukuta ukasimama, mwaka uliofuata ukasimama wa pili, na leo mjukuu wa mvuvi yule azunguka mbali apate pa kugusa maji ya bahari ya babu yake, na akifika aulizwa na askari wa zamu ataka nini. Hakuna aliyetangaza kuwa njia imefungwa. Ilifungwa kwa kupendeza: kwa maua, kwa mawe meupe, kwa kibao cha kumkaribisha mtu mwingine.

Lamu nako. Mji wa Kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na vichochoro vyake vilipimwa kwa punda na mtu. Pikipiki zikaja. Zikasaidia wagonjwa na wazee, hilo pia sikatai, lakini zikajaa mpaka mtoto hawezi kutoka nje ya mlango bila mama yake kushika roho, na serikali ya kaunti ikabidi ipige marufuku zisiingie mjini humo. Chombo kilikuwa kizuri. Kilikuja bila kuulizwa njia yafaa kupitwa na nini.

Tuliokaa mkekani mbele ya mwalimu twakumbuka kuwa njia ina haki zake: kuondolewa kinachoudhi, kurudishwa salamu, kuinamishwa macho. Sasa mwazie mama wa Kimunye, amechuma chai tangu saa kumi na mbili, kapu mgongoni na kamba yake kupita kwenye kipaji, macho chini kwa sababu ya uzito. Anakata kona ya njia isiyozidi upana wa mkeka wa kuswalia. Kutoka juu anakuja kijana mwenye kofia ya plastiki na nguo za kubana (nguo hizo nitaziachia mtu mwingine azisemee), kichwani ana muziki, na baiskeli yake haina kengele kwa kuwa kengele yaongeza uzito. Nani ampishe nani? Huko Marin kwenyewe, walikoanzia, wenda kwa miguu na wenye farasi waligombana na waendesha baiskeli mpaka katika miaka ya 1980 njia nyembamba za Tamalpais zikafungwa kwa baiskeli. Ikiwa wao kwa wao hawakuelewana, asitumwagie mtu asali kwamba hapa itakuwa ni kupungiana mikono tu.

Niliandika beti moja kwenye kijitabu changu garini nikirudi, nayo ni hii:

Njia haiwi ni njia, kwa rangi na kibandiko,
Ni wenyeji kupitia, wendako na watokako,
Mgeni akitujia, na apite kwa mwaliko,
Asije kuizuia, kwa ua na kwa andiko.

Watu wa mlima wenyewe wana kumbukumbu ya kufungiwa njia, na ni kali kuliko yetu. Wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanavijiji, wengi wao wanawake, kuchimba handaki refu kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, likawekwa miti iliyochongwa na waya wa miba, ili walio msituni wasipate chakula. Wale waliochimba walikuwa wakijifungia kuni zao, asali yao na watoto wao. Katika siku zetu limekuja ua jingine, na hili lina hoja yake: tangu 2012 shirika la Rhino Ark pamoja na serikali wamekuwa wakijenga ua wa umeme kuuzunguka mlima, uliopangwa kufika yapata kilomita 450, kuzuia tembo wasile mashamba na watu wasikate msitu. Mkulima aliyelala usiku bila kupiga mabati kufukuza tembo ataliombea dua. Lakini ua una malango, na lango lina mwenye ufunguo. Njia ya baiskeli ikipangwa kupenya lango hilo, mchungaji na mkata majani wa hapo wataona upesi kama mgeni hufunguliwa kwa tabasamu na wao kwa maswali.

Tukiwa bado msituni, niseme na juu ya tembo. Wengi husifu baiskeli ya umeme kuwa haina kelele. Msituni hiyo si sifa. Tembo akisikia gari huamua mapema. Akikutwa ghafla nyuma ya kona na kitu kisicho sauti, huamua kwa hasira. Hakuna mgeni apaswaye kupita juu ya ukanda wa chai bila mwongozaji mwenyeji na bila idhini ya wakuu wa misitu, na hapo pana kazi kwa vijana. Sheria ya misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyoirithi, imekwisha kuvipa nafasi vyama vya jamii kushiriki katika kuutunza msitu. Vyama hivyo ndivyo vipewe ada ya njia, wala isipelekwe mfukoni mwa kampuni ya safari iliyo na ofisi Nairobi au ng'ambo. Juu zaidi, penye mbuga ya taifa iliyotangazwa 1949 na kuingizwa katika urithi wa dunia 1997, ningependa matairi yasifike kabisa kwa upande huu wa kusini. Pana maji pale, na pana watu ambao kwao mlima huo ulikuwa mahali pa kuelekea katika maombi. Sisi wenye kibla twapaswa kuwa wa kwanza kuelewa.

Kisha udongo. Udongo wa Kirinyaga ni mwekundu, laini, na mvua ikinyesha huwa kama sabuni. Tairi nene likipita mara mia katika tope huacha mtaro. Mvua ya pili hutiririka ndani ya mtaro. Kufika mvua ya kumi mtaro umekuwa korongo, udongo umeingia Thiba, na mvuvi wa Kipini ana sababu mpya ya kulalamika. Kwa hivyo masika, na ile mvua ya vuli ya Novemba, njia za wageni zifungwe. Za wachuma chai hazifungiki, kwani chai haijui likizo, na ndiyo sababu pato la kiangazi litumike kuzitia mawe na kuzijengea madaraja ya kweli mahali pa magogo. Hilo peke yake, hata bila mgeni mmoja kurudi tena, lingekuwa neema.

Wako watakaosema njia hizi zitatuletea mabingwa. Huenda. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne, alianza kwa kufunzwa na David Kinjah katika vijia vya Kikuyu. Naye marehemu Suleiman Kangangi, kijana wa Eldoret aliyekuwa nahodha wa wenzake, alifariki mwaka 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Mungu amrehemu. Bingwa akitoka Kerugoya tutampigia vigelegele hata Mombasa. Ila kijiji hakipangwi kwa ajili ya bingwa mmoja.

Bei ndiyo kikwazo. Baiskeli moja ya umeme iliyo madhubuti yaweza kuuzwa kwa thamani ya ng'ombe mzuri wa maziwa, na mkulima akipewa achague atachukua ng'ombe, nami nitamuunga mkono. Kwa hivyo asiachwe anunue peke yake. Chama cha ushirika kinunue, kiazimishe siku za mavuno, kikate kidogo kidogo katika malipo ya kahawa kama walivyofanya Rwanda, na katika miezi isiyo ya mavuno baiskeli zile zile zikodishwe kwa wageni. Mgeni hatadhurika kwa kupanda chombo chenye harufu ya gunia. Na fremu ziwe za chini, za kuvuka mguu kwa heshima, kwa maana wabebaji wengi ni wanawake. Unguja na Pemba mwanamke wa buibui hupanda baiskeli akaenda zake sokoni na hakuna ashangaaye. Sioni kwa nini mama wa Kianyaga aendelee kubebesha kipaji chake kilo za chai.

Fundi naye apatikane hapo hapo. Betri hufa baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa au zaidi kidogo, mota huingia maji, mnyororo hukatika, na asiyekuwa na fundi huishia na chuma cha kuanikia nguo. Nimeona mitambo mingi ya msaada huku kwetu ikifa kifo hicho, rangi bado inang'aa. Vyuo vya ufundi vya Kirinyaga vifundishe kazi hii kabla ya baiskeli ya kwanza kushushwa lorini, na betri zilizokufa ziwe na mahali pa kurudishwa, zisitupwe mtoni.

Mwisho ni kamati ya njia, kwani kamati lazima itakuwapo, sisi Wakenya hatuwezi kuzindua hata kisima bila kamati. Humo watakuwamo mtu wa kaunti, mtu wa misitu, mtu wa chama cha kahawa na mtu wa hoteli. Sawa. Lakini nafasi mbili wapewe wachuma chai wapitao Kimunye na Kangaita kila siku, na mkutano ufanywe saa ambazo hawako shambani. Wao ndio wajuao ni daraja lipi limeoza.